Shaba Inakunywa Data

Miaka yangu ya kwanza kazini niliamini, kwa moyo wote na bila aibu, kwamba shaba iliyo chini ya Lubumbashi inakunywa data. Sisemi kwa mfano. Niliamini kwamba waya wa kompyuta ukilazwa sakafuni, madini yaliyo chini yanavuta kile kinachopita ndani yake, kidogo kidogo, kama mtoto anavyofyonza muwa. Ndiyo maana, nilifundishwa, simu zinakatika-katika huko Ruashi karibu na mgodi. Ndiyo maana Kinshasa, ambako watu wanakaa juu ya mchanga mtupu, mtandao unakimbia. Na ndiyo maana jamaa mmoja wa mtaa wa Annexe alilala kwenye mkeka simu ikiwa mfukoni, akaamka haina jina la mtu hata mmoja, hata la mke wake.

Sikuishia kuamini. Niliipaka habari hiyo mafuta na kuitembeza. Kwetu Naviundu, kwenye sherehe ya ubatizo, niliwaambia watu kwamba picha moja ya harusi ilivutwa chini hapa mjini ikaibukia Zambia, kwenye televisheni ya mtu asiyehusika, bibi harusi akiwa bado anacheka. Watu walitikisa vichwa, hakuna aliyeuliza swali. Wangeuliza nini? Tumezaliwa juu ya shaba. Iliwavuta babu zetu kutoka kaskazini, vijiji vizima, wakaja na treni. Iliwavuta chini ya ardhi, na wengine hawakupanda tena. Kitu kilichovuta wanaume wote hao kitashindwa na picha?

Aliyenipa imani hiyo ni chef wangu, mwana wa mfanyakazi wa reli, Mkatoliki wa kufunga vifungo vyote vya shati. Alikuwa mkuu wa kompyuta kwenye polikliniki moja ya mjini, na mimi nilikuwa jeshi lake lote. Nilikuwa nimemaliza informatique ya jioni, yale masomo ya kompyuta ya watu wanaochomelea madirisha mchana na kusinzia juu ya hesabu baada ya jua kuzama. Siku nilipobeba diploma kwenda nayo nyumbani, teksi iliinama upande wangu. Chef aliitazama ile diploma, akanirudishia, akasema, “Muzuri. Lakini hapa tuko na udongo yetu.” Kisha akanionyesha kazie, kreti za bia.

Lazima nieleze hizo kazie na mahali zilipokaa, maana ndipo mambo yote yalipotokea. Polikliniki ilikuwa na seva mbili kwenye chumba kidogo kama kabati. Ndani ya hizo seva zilikaa mashine nyingine zisizo na mwili, za programu tu: moja ya mapokezi, moja ya maabara, moja ya picha za scanner. Seva zilikuwa na nguvu za kufikiri, lakini hazikutunza kitu. Kila kitu cha kukumbukwa kilikaa ndani ya sanduku moja la chuma lililojaa diski, tuliloliita baie. Na kwa sababu baie haikuenea kwenye kabati, iliwekwa chumba cha jirani, kilichokuwa cha mashuka. Kati ya akili na kumbukumbu zilipita nyaya mbili za fibre, nyembamba, za rangi ya chungwa, zikitoka kwenye baie, kupitia tundu la ukutani, hadi kwenye swichi iliyounganisha seva. Moja ikikatika, nyingine inabeba mzigo, na wagonjwa hawajui.

Sasa, nyaya hizo hazikugusa sakafu. Hata! Zilipita juu ya kazie tupu za bia, zimepangwa mstari kama madaraja, na kwenye ukingo wa kila kazie chef alikuwa amezikaza kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Kila asubuhi alipita kuangalia kama mpira umelegea. Mafundi waliokuja kufunga kiyoyozi kipya waliona vile vitanda vimekwisha kutandikwa, nao wakalaza juu yake waya wao wa umeme, mnene kama nyoka aliyemeza mbuzi. Chef alifurahi. Alisema hata umeme sasa umelindwa.

Siku moja baada ya mafundi hao kuondoka, mama yangu alikuwa kitandani upande wa pili wa ua wa polikliniki.

Alikuwa ameanguka kwenye mteremko wa mto Naviundu, beseni la mboga za lengalenga kichwani, na mfupa wa nyonga ulivunjika. Bahati yake, wiki hiyo alikuwepo munganga mpasuaji anayezunguka miji, na alikubali kumpasua kabla ya kuondoka mchana kwenda Kolwezi, ambako walimngojea wengine. Akishaondoka, hatujui atarudi lini, na mfupa wa mtu mzima haungoji kama gari kituoni. Munganga alihitaji kitu kimoja tu, picha za scanner, azitazame kwenye skrini chumbani mwa upasuaji wakati mikono iko kazini.

Nilikwenda kumsalimia asubuhi. Nilisimama karibu na kitanda. Mimi, ambaye kwenye misiba huwa natafutiwa kiti mbali ili nisiwachekeshe wafiwa, sikupata hata neno. Sikuwa na huzuni, ningeijua. Sikuwa na woga pia. Ilikuwa kama mkono ulioulalia. Unauona, ni wako, unauamrisha, hauji.

“Papa, unakula?” mama akaniuliza, maana kwetu hata mtoto wa kiume huitwa papa.

“Minakula, mama.”

“Uongo. Sura yako iko sawa foto ya carte ya kura.”

Wanawake wa vitanda vya jirani walicheka. Nami nilicheka, kicheko changu cha kawaida kilichosikika hadi barabarani, nikakisikia kama redio ya nyumba nyingine.

“Banaanza kunipasua saa gani?” akaniuliza.

“Munganga anangoja foto tu.”

“Si ndio wewe unachungaka foto?”

“Ndio mie.”

“Basi muzuri,” alisema, akafumba macho, kama mtu aliyempa funguo mwanawe.

Nilikuwa sijavuka ua nilipoanza kusikia sauti. Mapokezi walikuwa wakigonga kibodi. Maabara waliniita kwa jina la kazi, “Informatique! Informatique!” Skrini hazikuzimika. Zilikuwa pale, na majina ya wagonjwa yalionekana, na ukibonyeza, hakuna jibu. Nilijaribu kuzisalimia zile mashine kutoka kwenye kompyuta yangu, zikaitika vizuri. Ukiziomba kumbukumbu yoyote, kimya. Zilikuwa macho na hazikuwepo. Nilizitazama kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Kwenye ukurasa wa usimamizi wa seva mistari ilikuwa imegeuka nyekundu. Ghala la picha, halifikiki. Ghala la maabara, halifikiki. Kisha ghafla yote yakawa kijani, nikavuta pumzi, kisha yakarudi nyekundu.

Chef alikuja akipangusa miwani. “Ni baie. Tuizime, tuiwashe. Kwa jina ya Baba.”

Nilimpigia simu mama ingénieur. Huyu alikuwa injinia wetu wa mkataba, mwanamke wa Kivu ya Kaskazini mwenye digrii kamili na sauti ya kuita malori. Kaka zake walikuwa wafanyabiashara wa jumla, na siku hiyo alikuwa kwenye depo yao Ruashi akiwarekebishia mtandao.

“Seva zote mbili ao moja?” akauliza kabla sijamaliza salamu.

“Zote mbili.”

“Pamoja?”

“Pamoja.”

“Basi haiko seva. Seva mbili hazigonjwe siku moja sawa mapacha. Ni baie, ao ni katikati. Taa za baie?”

Nilikwenda chumba cha mashuka. Taa za baie zilikuwa kijani zote, tulivu kama watawa wakati wa sala. Nilimwambia.

“Haya, musiizime. Umesikia, mudogo? Zile mashine zimeshika pumzi, ziko na maneno mukinywa hayajaandikwa. Mukiizima, zitameza. Papa chef asiiguse.”

“Papa chef amekwisha kuinua mukono.”

“Umupige!”

Sikumpiga. Nilimwambia chef mama ingénieur amekataza, akateremsha mkono polepole, akautia mfukoni ili usimponyoke.

“Minakuya na kamio,” akasema mama ingénieur, akakata.

Tulibaki wawili na lile kabati la joto. Niliziagiza seva zitafute upya njia za kwenda kwenye baie. Zilitafuta, zikapata moja, zikaipoteza. Nilichomoa kile kijino cha chuma kinachopokea fibre kwenye swichi, nikaweka kingine kipya. Hakuna tofauti. Niliita ukurasa unaoonyesha nguvu ya mwanga unaofika. Kwenye tundu la kwanza la swichi, hakuna hata chembe. Kwenye la pili, mwanga ulikuwa dhaifu, kama koroboi iliyoishiwa mafuta.

Ni hapo imani yangu ilipopanda jukwaani. Niliinama kwenye tundu la ukuta na kuona ule mstari wa kazie na ule waya mnene wa kiyoyozi umezilalia fibre zetu, umezishusha katikati, zimekaribia sakafu. Upana wa kidole tu! Nilimwita chef. Tulitazamana. Shaba ilikuwa imefikia.

“Tuinue,” akasema.

Alileta kazie nyingine mbili kutoka nyuma ya jiko. Tulipandisha moja juu ya ile ya kati, na nyingine juu yake, mnara wa bia katika nyumba ya wagonjwa. Nilizivuta zile fibre juu, nikazikunja ukingoni, chef akazikaza kwa mpira kwa nguvu zote za ukoo wa reli. Nilirudi kwenye skrini. Tundu la kwanza, hakuna. Tundu la pili, sasa hakuna pia. Nyekundu haikupepesa tena. Ilitulia.

“Imekasirika,” chef alisema kwa sauti ndogo.

Mlangoni alisimama munganga mpasuaji, tayari na kofia ya kijani. Alikuwa mtu wa adabu. “Tuko wapi na foto?”

“Zinakuya, munganga.”

“Ile scanner yenu haina nakala?”

“Ikituma inafuta, ipate nafasi. Na bila seva haikubali mugonjwa mupya.”

“Mie sifungue muntu kwa kukisia,” alisema. Alitazama saa yake, wala hakuniambia inasema ngapi. “Kama haziko, mama atangoja mara ingine. Pole sana.” Hakujua ni mama yangu. Kwake ilikuwa heshima tu, mama ya mtu.

Nilisema, “Ndiyo, munganga.” Nadhani nilitabasamu. Nilijua maneno yale yana maana gani. Niliyaona yakipita, kama mtu aliye dirishani anavyoona mvua upande wa pili wa barabara.

Kamio, lori la kaka zake, liliingia uani likiwa bado na magunia ya maharagi. Mama ingénieur alishuka, pagne yake ya kitenge imejaa vumbi, akavuka ukumbi akisalimia kila mtu bila kusimama. Alitazama skrini, akauliza swali moja.

“Hii njia ya kwanza ilikufa siku gani?”

Chef na mimi tulitazama dari.

“Haikufa leo,” alisema. “Hii ilikufa zamani. Munakula na mukono moja bila kujua ingine ilikatika. Leo hii ya pili inafuata.”

Alikwenda chumba cha mashuka. Tulimfuata nyuma kama maharusi. Alipoona ule mnara, alisimama, mikono kiunoni.

“Eh! Papa chef! Mulifungua nganda hapa?” Nganda ni baa ya mtaani.

“Ni kwa kulinda,” chef alisema.

“Kulinda nani? Bia?”

Hakungoja jibu. Aliuondoa ule waya mnene wa kiyoyozi, akautupa pembeni. Alitoa kisu kidogo na kukata mpira wa baiskeli, kipande kwa kipande, kwa uangalifu wa mtu anayetoa nyuzi za kidonda. Kisha akavuta kazie ya juu, na ya katikati, na ya chini, na zote zilizofuata. Fibre zetu zilianguka. Zililala sakafuni, kwenye simenti tupu, juu ya Katanga nzima. Chef alifanya ishara ya msalaba. Mimi nilipiga hatua mbele kuziokota, naye akanizuia kwa kiwiko.

“Acha. Enda angalia mwanga.”

Nilikwenda. Tundu la kwanza, hakuna, ile ilikuwa imevunjika kweli ndani ya ngozi yake. Tundu la pili lilikuwa limepanda, tena sana, mwanga wa Pasaka. Niliziagiza seva zitafute upya. Njia moja ikarudi, ikabaki. Ghala la maabara likawa kijani. Ghala la picha likawa kijani. Zile mashine zilizoshika pumzi ziliendelea na sentensi zao pale zilipoishia, kana kwamba hakuna aliyekohoa. Mapokezi wakapiga makofi.

Nilifungua picha za mama. Nyonga yake ilitokea kwenye skrini yangu, nyeupe, na ule ufa. Sikuwahi kumwona mama kwa ndani. Nilisubiri kuhisi kitu. Nikampigia simu munganga, nikamwambia, “Ziko.”

Nitoe habari hii sasa, msomaji asikae roho juu: mama alipona. Leo anatembea na fimbo na anaitumia zaidi kunyooshea watu kuliko kuegemea. Lakini wakati ule nilikuwa sijui. Nilijua tu kwamba mlango wa chumba cha upasuaji umefungwa, kwamba ndani kuna skrini yenye ile picha, kwamba picha hiyo ikipotea munganga atabaki na mikono ndani ya mama akikisia, na kwamba kila chembe ya picha hiyo inapita kwenye uzi mmoja uliolala chini, juu ya shaba.

Nilikaa kwenye benchi la ukumbi. Kisha nikainuka, nikarudi chumba cha mashuka.

Mama ingénieur alikuwa ameketi mlangoni juu ya kazie moja, anakula mkate na njugu, miguu imenyooka kama kizuizi cha polisi. Chef alikuwa ameagizwa mjini kutafuta fibre mpya ya kubadilisha ile iliyovunjika.

“Unataka nini, mudogo?”

“Kuinua tu kidogo. Matofali mbili, hata moja.”

“Kuinua nini?”

“Fibre. Mama iko ndani.”

Aliacha kutafuna. “Mama wa nani?”

“Wa kwangu.”

Alisogea kwenye kazie, akanipatia nusu ya nafasi, nusu ya mkate pia. Nilikaa. Tulikuwa bega kwa bega, na mbele yetu ule uzi wa chungwa umelala sakafuni, hauna kazi yoyote inayoonekana.

“Sababu ya nini hukusema?”

“Sijue.”

“Unaogopa?”

“Sijue vilevile. Sisikie kintu. Tangu asubuhi minacheka, minaongea, lakini…” Nilionyesha kifua kama mtu anavyoonyesha nyumba ambayo wenyewe wamesafiri. “Lakini hii mushipi ya fibre minajua. Ikibaki chini, shaba itaikunywa. Itavuta foto pole pole mpaka iishe. Chef anajua. Bantu bote banajua. Hata ku Annexe kuko mwanaume alilala na simu…”

Nilimweleza yote. Ruashi, mchanga wa Kinshasa, bibi harusi wa Zambia. Nilipofika kwa bibi harusi sauti yangu ilikuwa imekauka, na sikukumbuka tena kwamba aliyemtunga ni mimi. Hakucheka, ingawa niliona taya lake likifanya kazi kubwa.

Nikataka kusimama. Akaniwekea mkono begani, mzito, wenye vumbi la unga.

“Kaa. Sikiliza,” alisema. “Shaba iko jiwe ndani ya udongo. Haivute data, haikunywe kintu. Na hii mushipi haiko hata shaba: ni kioo, ndani munapita mwanga. Mulikuwa munaikunja ku kazie, munaifunga na mpira, waya ya kiyoyozi inaikandamiza, mwanga unatoka pembeni, haufike. Ni ile tu.”